Koti Lisilochora

Ijumaa, 10 Aprili 2015

Nimenunua daftari hili kwa sababu Caren amenipiga marufuku kumtaja Jotham chumbani. "Tunalala sita humu," aliniambia jana, "na sote sita sasa tunajua mumeo anapenda chai ya namna gani. Andika mahali, dada, utuachie masikio yetu." Basi naandika.

Jotham wangu anapenda chai yenye maziwa mengi, sukari kidogo, na tangawizi ya kupondwa, si ya kukwangua.

Mimi ni Peninah. Nashona vifungo na pindo katika chumba cha sare cha hoteli moja hapa Deira. Yeye ni mlinzi. Tulifunga ndoa Februari kwetu Vihiga, sote wawili tukiwa likizo, na tangu turudi Dubai tunaishi kama wachumba: mimi katika nyumba ya wafanyakazi wa hoteli, yeye katika kambi ya kampuni yao Al Quoz, ambako mwanamke hapiti getini hata akiwa na cheti cha ndoa mkononi. Najua kwa sababu nilikipeleka. Nimekitia plastiki ngumu, nakibeba kila niendako.

Leo tulikutana kanisani, kisha tukapanda metro. Behewa la wanawake lina mstari sakafuni, na mwanamume akiuvuka anatozwa faini. Jotham alisimama upande wake, ncha za viatu zikiugusa mstari, na mimi upande wangu vivyo hivyo. Tulikwenda mpaka mwisho wa reli na kurudi, tunatazamana tu. Sidhani yuko bibi harusi mwingine aliyetazamwa vizuri kama mimi.

Jumatano, 15 Aprili

Amepiga simu wakati wa chakula. Ana habari, lakini hataki kuisema kwa simu. Nimeunguza kola ya meneja kwa pasi.

Ijumaa, 17 Aprili

Habari yenyewe ni hii! Kampuni yao imepata kazi ya kumlinda arbab mmoja, ndivyo huku wanavyomwita bosi, tajiri wa biashara ya chai, mwenye ofisi kwenye ghorofa ndefu. Wanatakiwa wanaume wanne wa kukaa karibu naye. Watakaochaguliwa watalipwa posho ya nyumba, waishi nje ya kambi. Posho ya nyumba! Nilimwambia arudie, akarudia, nikamwambia arudie tena, mpaka watu wa benchi la jirani wakageuka.

Sharti ni moja. Arbab hataki wageni wake wajue mlinzi ni nani. Wavae suti, wakae ofisini kama wahasibu, na bastola isionekane hata kidogo. Hapa Dubai hawatabeba ya kweli. Watajifunza kwa kipande cha plastiki ya buluu chenye uzito uleule. Ya kweli watakabidhiwa Kampala na Nairobi, kwa vibali vya huko, arbab akienda kukagua biashara zake. Ni safari za mara moja moja, Jotham amesema. Kila mmoja ajichagulie holsta, yaani ule mkoba wa kutilia bastola unaovaliwa mwilini, na suti ya kuificha. Kisha arbab mwenyewe atawakagua.

"Ni mkoba tu," nikasema. "Utachagua siku moja."

"Peni, wewe viatu vya harusi ulichagua miezi miwili."

Ijumaa, 24 Aprili

Mwalimu wao ni Mganda anayeitwa Lawrence, aliyewahi kuwa mwanajeshi. Simpendi. Anamwita mume wangu Mlingoti.

Alileta sanduku zima la holsta ili wajaribu. Jotham alianza na ile ya kwapani, yenye mikanda ya kupita mabegani, kwa sababu, amekiri mwenyewe, alijiona mtu wa sinema. Lakini ukiivaa hiyo huwezi kuvua koti kutwa nzima, na ukinyoosha mkono kuchukua faili, koti linafunguka kama mlango. Akajaribu ya kifundo cha mguu. Suruali za ofisi siku hizi ni za kubana. Akiketi, pindo linapanda na kila kitu kiko hadharani. Akajaribu ya tumboni, nyuma ya bizimu ya mkanda. Akiinama kufunga kamba za viatu, kitako cha bastola kinamchoma mbavu.

"Hiyo ni ya wenye kitambi," Lawrence alimwambia mbele ya wenzake. "Wewe Mlingoti utaificha wapi? Kila unachovaa kinachora."

Kuchora ndilo neno lao. Maana yake umbo la bastola linajitokeza kwenye nguo, mwenye macho akaliona. Jotham alicheka aliponisimulia, lakini mimi sikucheka. Nani alimwambia huyo Lawrence kwamba wembamba ni kosa? Mimi nilipomwona mara ya kwanza amesimama mlangoni pa benki kama mnazi uliojifunza adabu, nilipita mara mbili bila shida yoyote ya benki.

Ijumaa, 1 Mei

Joto limeanza kweli. Jotham yuko zamu. Nimekwenda kanisani peke yangu nikakiombea kiuno chake.

Ijumaa, 8 Mei

Amechagua! Ni ya ngozi, inapachikwa kwenye mkanda, nyuma kidogo ya nyonga ya kulia. Nzuri, ya rangi ya kahawa iliyokolea, inanukia kama kiti kipya. Baada ya ibada tukaenda Al Ras kwa Irshad, fundi wa Mombasa anayetushonea viraka vya hoteli, tukachagua suti. Nilimkatalia Jotham ile ya kijivu cheupe aliyoipenda, maana kitambaa cheupe cha rangi moja kinasema kila kilicho chini yake. Tumechukua ya buluu nyeusi yenye vistari hafifu. Vistari vinalipotosha jicho.

"Suti ya harusi nyingine, bwana harusi?" Irshad akauliza.

"Ya kazi," Jotham akasema.

"Kazi gani ya kuvaa koti Dubai mwezi wa tano? Umekuwa waziri?"

Irshad ana shangazi yake, Bi Mishi, mjane, mwenye nyumba hapo juu ya duka la hina. Chumba chake kimoja kitakuwa wazi baada ya Idi, mpangaji anarudi kwao. Anapangisha kwa waliooana tu. Tulipanda kukiona. Kina dirisha, na kabati la nguo lenye upande wa mume na upande wa mke! Nikatoa cheti changu. Bi Mishi hakukisoma, alinitazama uso.

"Kitie mkobani, mwanangu. Mlivyosimama nyinyi, hata kipofu angejua mmeoana juzi."

Ijumaa, 15 Mei

Lawrence hawaruhusu kutoka na ile plastiki ya buluu, lakini Jotham anataka kuzoea uzito. Basi nilimchongea bastola ya sabuni ya mche, ile ndefu ya kufulia. Niliichonga kwa kisu cha jikoni kwa upendo mwingi, na kitako chake nikakilainisha kwa maji.

Akaivaa ndani ya holsta kwenda kanisani, koti juu. Katika sala ya kwanza alikuwa mtanashati. Baada ya mahubiri tulitembea jua kali kutafuta kivuli, na jasho likaanza. Tulipofika kituoni Caren, aliyekuwa nyuma yetu, akashika ukuta kwa kicheko.

"Shemeji! Unafua nguo ukiwa umezivaa?"

Povu lilikuwa limetoka kiunoni likashuka mpaka gotini. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini Jotham alipoitoa holsta, ngozi ilikuwa imevimba na kulegea. Ni kweli sabuni ndiyo iliyoiharibu, lakini jasho peke yake nalo litafanya hivyo taratibu, na arbab anakagua wiki ijayo. Alikuwa akiikausha kwa leso yake, akinitazama kama mtoto aliyevunja chungu.

"Itakaza," nikamwambia. Sikuwa na hakika.

Jumapili, 24 Mei

Ni leo. Nimeshona kifungo kimoja mara tatu.

Jumatatu, 25 Mei

Ameshindwa.

Nitaandika kama alivyonisimulia kwa simu jana, nikiwa nimejificha nyuma ya rundo la mashuka ili nisionekane nalia.

Walifanyiwa ukaguzi ofisini kwa arbab. Jotham alikaa, akasimama, akachukua faili juu ya kabati, akaingia garini na kutoka, akaokota kalamu iliyoanguka. Lawrence alizunguka nyuma yake na kuzunguka mbele, hakuona kitu. Wenzake wawili walikuwa wameshakosea. Jotham wangu alikuwa safi! Arbab akafurahi, akainuka kitini, akampa mkono.

Na Jotham akafanya alivyofundishwa na mama yake tangu ajue kutembea. Akakishika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto, akainama, akampokea mzee mkono kwa heshima. Koti likavutika mgongoni, mpasuo wa nyuma ukafunguka, na kile kipande cha buluu kikachungulia mbele ya watu wote.

Lawrence akapaza sauti: "Ssebo! Bwana, umekuja kulinda au umekuja kwa wakwe?"

Watu wakacheka. Arbab hakucheka, alisema tu "khalas", yaani basi, na kurudi kwenye simu yake. Wote walioshindwa wamepewa nafasi ya pili, Juni tarehe kumi na sita. Baada ya hapo hakuna tena.

"Nilijua kila kitu," aliniambia Jotham. "Kiatu, kalamu, gari. Hakuna aliyenifanyisha mazoezi ya kusalimia."

Nilitaka kumshika uso. Yuko umbali wa nusu saa kwa gari na sikuweza kumshika uso. Mwanamke mwingine mume wake akirudi na aibu humwekea maji ya kuoga. Mimi nilimwambia kwa simu, "Pole, baba," mashine za kufulia zikizunguka, na yeye akasema, "Hujambo lakini wewe?" Hicho ndicho kilichonimaliza.

Ijumaa, 29 Mei

Tumefanya mazoezi ya salamu mbele ya kioo kwenye duka la Irshad. Irshad alikuwa arbab, ameketi kwenye kiti cha wateja na kanga ya Bi Mishi kichwani.

"Simama wima," nikamwambia Jotham. "Mkono mmoja tu."

Akanyoosha mmoja. Wa kushoto ukamfuata wenyewe.

"Tena."

Ukamfuata tena. Irshad akamshauri autie mfukoni. Jotham akautia mfukoni, akampa Irshad mkono, halafu akasimama uso umempauka kama aliyemtukana mtu.

"Siwezi," akasema. "Huyu mzee ana mvi, Peni."

"Mimi?" Irshad akauliza, akishika kichwa.

Nami moyoni nilifurahi kwamba hawezi. Sikuolewa na mtu wa mkono mmoja mfukoni. Nikasema basi, kama mtu habadiliki, tubadilishe holsta na koti. Tumeamua: ya plastiki ngumu, isiyonywa jasho, inayokaa ndani ya suruali, na iletwe mbele kidogo, pembeni kabisa ya nyonga, ambako mgongo ukiinama hakuna kinachoinuka. Fulana nene ya pamba chini yake isimchubue. Suruali ipanuliwe kiuno. Na koti nilifumue mgongo, nitoe ule mpasuo mmoja wa katikati, niweke miwili ya pembeni, niongeze nafasi kwenye mabega. Irshad atanipa meza yake jioni.

Ijumaa, 5 Juni

Laiti nisingekwenda dukani leo.

Lawrence alikuja mwenyewe kutazama koti. Kumbe si jitu, ni mtu mfupi mwenye miwani ya kusomea. Alipapasa mshono wangu, akageuza bitana, akasema, "Madam, umefanya kazi." Nilianza kumpenda kidogo. Halafu akasema:

"Kwa Kampala koti hili litakuwa zito wakati wa mchana, lakini miezi mitatu si mingi."

"Miezi mitatu gani?"

Akamtazama Jotham. Jotham akamtazama yeye. Hata Jotham alikuwa hajui. Arbab amefungua ofisi mpya Kampala na amebadilisha mpango wiki hii: walinzi watakaa huko miezi mitatu, kisha wiki mbili hapa, kisha miezi mitatu tena.

"Na posho ya nyumba?" nikauliza.

"Italipwa. Nyumba itakuwepo," akasema Lawrence.

Nilimwuliza kama ana mke. Sauti yangu haikuwa nzuri. Akavua miwani. "Eseza. Yuko Jinja. Nimejitolea kwa Kampala mimi kwanza kabla ya wote, kwa sababu kutoka hapo ni saa mbili tu." Akaikunja miwani. "Nisamehe, nyabo. Nilidhani habari imekufikia."

Na mimi miezi yote hii nimemwona adui. Kumbe naye anahesabu stesheni za kumfikia mtu wake.

Jumanne, 9 Juni

Koti liko mapajani. Mgongo bado uko wazi, nimeuunga kwa uzi wa muda tu. Nikiuacha mpana kidogo zaidi upande wa kulia, hakuna atakayejua. Atainama, litachora, atabaki Al Quoz, na Ijumaa nitamwona.

Nimelikunja. Sijashona hata sindano moja leo.

Ijumaa, 12 Juni

Nimemwambia. Tulikuwa kwenye metro, kila mtu upande wake wa mstari, behewa limejaa, ikabidi niseme kwa sauti kuliko nilivyotaka.

"Nilifikiria kuliharibu koti."

Hakukasirika. "Ukisema nisiende, Jumanne nitainama mpaka kile kipande cha buluu kiangukie miguuni pa arbab."

"Sitaki kusema mimi. Sema wewe unataka nini."

Mama mmoja wa Kifilipino aliyekaa kati yetu alikuwa anatutazama kama anaangalia tenisi. Kisha Jotham akasema, "Nataka siku moja niamke nikukute."

"Kwa hiyo unakwenda Kampala ili uamke unikute?"

"Wiki mbili mbili. Kambini nitaamka na Naftali, maisha." Naftali ni mwenzake wa kitanda cha juu, anayekoroma kwa lugha tatu. "Peni, tangu tuoane sijawahi kukuona umelala."

Ni kweli. Wala mimi sijamwona, tangu zile siku chache za Vihiga. Sijui siku hizi analala kwa ubavu gani. Nikafikiria Ijumaa hizi, moja baada ya nyingine, mpaka tuzeeke tukitazamana juu ya mstari wa watu, na nikaona naweza kumkosa vibaya zaidi huku namwona kuliko nikimkosa hayupo. Sijui kama nimeandika sawasawa. Yeye alielewa.

"Nitalimaliza koti," nikasema.

Yule mama wa Kifilipino akaniachia kiti chake, akaenda kusimama kwingine.

Jumatatu, 15 Juni

Nimeshona. Mgongo umelala kama maji.

Jumanne, 16 Juni

Amepita! Amepita, amepita! Alikaa, akasimama, akaokota, na arbab aliponyoosha mkono Jotham akainama na kiwiko chake, yote, kama kwao, na koti likashuka sawasawa mbavuni. Lawrence alizunguka mara mbili. Akasema, "Huyu ni mhasibu."

Nimemkumbatia Caren, nimemkumbatia msimamizi wetu, nimekumbatia hata mashuka. Halafu nikaenda chooni nikalia.

Alhamisi, 18 Juni

Ramadhani imeanza. Zamu zetu zimepunguzwa, lakini za Jotham zimeongezwa.

Jumatano, 1 Julai

Ameondoka na arbab alfajiri. Uwanja wa ndege niliruhusiwa kufika mlangoni. Amevaa lile koti. Niliona watu wanapishana naye na hakuna aliyegeuka, walimwona mtu wa ofisini tu, mrefu, ana safari. Mimi peke yangu nilijua kila mshono. Alipofika kwenye mlango wa kioo akanigeukia akaweka mkono kifuani. Kioo kikafunga.

Bado sijapata chumba. Mpangaji hatoki mpaka Idi.

Ijumaa, 10 Julai

Nimekwenda na metro mpaka mwisho na kurudi. Nilisimama mahali pangu. Upande wa pili wa mstari alikuwapo mzee mwenye gunia la vitunguu.

Jumatatu, 20 Julai

Nimehamia! Caren na wenzake walinibebea mizigo, wakajaribu kitanda wote watano kwa pamoja. "Sasa utazungumza na nani usiku?" Caren akauliza, na akalia, yeye aliyenifukuza na masimulizi yangu! Bi Mishi ameniletea viazi karai. Nimepanga nguo zangu upande wangu wa kabati. Upande wake nimeufuta vumbi.

Jumanne, 28 Julai

Kampala mvua, amesema. Hapa hata ukuta unatoka jasho.

Jumapili, 2 Agosti

Bi Mishi ananiambia ukimkosa mume pika anachopenda ukile wewe. Nimepika chai ya tangawizi ya kupondwa. Ushauri mbaya. Nilikunywa vikombe viwili nikamkosa mara mbili.

Jumapili, 16 Agosti

Ameshapaa tena, lakini lazima niandike kuanzia juzi, Ijumaa.

Nilikuwa nimetoka kanisani, nimevua kilemba, napiga pasi sketi juu ya kitanda. Mlango ukagongwa. Bi Mishi hagongi, yeye huita tu kutoka ukumbini. Nikadhani ni Irshad.

"Hodi."

Pasi nikaisimamisha. Sauti ile naijua hata kwenye simu mbovu. Lakini sikujibu. Tangu niolewe hakuna mtu aliyewahi kunipigia hodi, sikuwa na mlango. Nilitaka kuisikia tena.

"Hodi wenyewe."

"Nani?"

"Mgeni. Ametoka Kampala na bosi wake, ana siku mbili tu."

"Wageni hatupokei," nikasema, nimeegemeza paji la uso kwenye mbao za mlango. "Tunamsubiri mwenye nyumba."

Kisha Bi Mishi akapaza sauti kutoka ukumbini: "Mfungulie, mwanangu, mtoto wa watu ameiva kwa jua!"

"Basi ndiye," akasema Jotham. "Ndiye mwenyewe."

"Mwenye nyumba hapigi hodi."

Nikarudi nyuma hatua moja kumpisha, na kitasa kikazunguka.